Udongo wa Montpelier unatufundisha nini sisi watu wa Maniema?

Huku kwetu mashariki ya Kongo, neno kuchimba halihitaji maelezo. Kalima wanachimba kasiterite, Salamabila wanachimba dhahabu. Mtu akipita na piki begani, kila mmoja anajua anaenda kutafuta nini. Wapo hata wale wanaochimba usiku kwenye nyumba za zamani za Wabelgiji, kwa kuamini kwamba wakoloni walificha mali chini ya sakafu.

Kwa hiyo niliposema katika kipindi chetu cha redio kwamba kule Marekani kuna watu wanaolipa pesa zao ili wachimbe udongo wiki nzima, na kwamba wakipata msumari wenye kutu au kipande cha sahani wanafurahi, msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza kama watu hao wana akili sawa. Swali lake ni zuri. Leo nalijibu kwa kirefu, sababu jibu lake linatugusa hata sisi.

Shamba la rais

Mahali penyewe panaitwa Montpelier, katika jimbo la Virginia. Lilikuwa shamba kubwa la familia ya James Madison, rais wa nne wa Marekani, aliyetawala kuanzia 1809 mpaka 1817. Wamarekani wanamwita baba wa Katiba yao, kwa kuwa alifanya kazi kubwa katika kuiandika mwaka wa 1787. Katika nyumba ile alisoma na kufikiri juu ya uhuru wa watu na namna ya kuzuia utawala wa mabavu. Lakini aliyemwashia moto asubuhi, aliyempikia, na aliyelima tumbaku na ngano iliyolipa vitabu vyake alikuwa mtumwa.

Katika vizazi vitatu vya familia ya Madison, zaidi ya watu 300 waliishi Montpelier katika utumwa. Madison alikufa tarehe 28 mwezi wa sita 1836 bila kuwaacha huru. Mjane wake, Dolley, alikuwa na madeni mengi. Mwaka wa 1844 aliuza shamba, na watu nao wakaenda, huyu huku, yule kule, kama vyombo vya nyumba.

Juu ya Madison mwenyewe kuna karatasi nyingi sana: barua, hotuba, daftari. Juu ya wale 300 kuna nini? Kuna majina ya kwanza katika orodha ya mali, na bei pembeni. Kuna kesi ya mwaka wa 1732, pale Ambrose Madison, babu wa rais, alipokufa na watumwa watatu wakashitakiwa kwamba walimpa sumu. Walikuwa Pompey, Turk na Dido. Pompey aliuawa kwa hukumu ya korti. Turk na Dido walipigwa viboko na kurudishwa kazini. Karatasi ya korti inatuambia adhabu tu. Haisemi Dido alikula nini, alilala wapi, wala alikuwa na watoto wangapi.

Ni hapo udongo unaanza kazi yake.

Wiki moja ya kupiga magoti

Kwa miaka mingi, idara ya akiolojia ya Montpelier imekuwa ikipokea watu wa kawaida kuja kuchimba pamoja na wataalamu. Wanakuja walimu, wastaafu, wanafunzi, wafanyakazi walio kwenye likizo. Hakuna anayeulizwa diploma. Wanalipa ada, wanafundishwa namna ya kufanya, halafu wanapiga magoti shimoni. Hiyo siyo salongo ya Jumamosi, ambapo mkubwa wa mtaa anapita kuhesabu nani hakuja. Kila mtu amekuja kwa moyo wake.

Na uchimbaji wenyewe si ule tunaoujua sisi. Kwanza wanapima ardhi kwa kamba na kuigawa katika miraba, kila upande karibu mita moja na nusu. Kila mraba una namba yake. Piki haina kazi pale. Chombo kikubwa ni mwiko mdogo wa chuma, kama ule wa fundi wa kujenga nyumba, na kwa mwiko ule wanaparua udongo kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Udongo wote unaotoka unapitishwa katika chekeche, ili hata shanga moja isipotee. Kitu kikionekana, kinatiwa katika mfuko wenye namba ya mraba na namba ya tabaka. Baadaye kinaoshwa taratibu kwa mswaki wa meno, kinakaushwa, kinaandikwa.

Kwa nini taabu hiyo yote? Sababu kitu kikitoka mahali pake bila kuandikwa, kimekuwa bubu. Kifungo cha nguo kilichokutwa karibu na jiko, chini ya majivu, pamoja na mifupa ya nguruwe na kipande cha kiko, kinaeleza habari ya jioni ya watu fulani. Kifungo hichohicho ukikishika sokoni ni kifungo tu. Ndiyo tofauti kubwa na uchimbaji wa dhahabu. Dhahabu haipotezi bei ukiitoa shimoni mwake. Historia inapoteza.

Rangi ya udongo nayo ni ushahidi. Nguzo ya mti ikioza ardhini inaacha duara la udongo mweusi. Mtu asiyefundishwa atalipita. Aliyefundishwa anasimama, anaita wenzake, na kabla ya jioni wanaweza kuona mstari wa nguzo nne au tano, yaani ukuta wa nyumba ambayo macho ya mtu hayakuiona kwa miaka mia mbili.

Msumari unasema

Pale Montpelier walitumia pia mashine ya kutafuta chuma ardhini. Duniani kote watu wenye mashine hizo wanalaumiwa kwa kuiba vitu vya kale. Montpelier waliwaita waje kufanya kazi pamoja na wanaakiolojia, na kwa njia hiyo walipata sehemu nyingi ambapo watumwa waliishi.

Walichokuwa wakitafuta hasa ni misumari. Nyumba ya mbao zilizopasuliwa vizuri inahitaji misumari mingi. Nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya lingine inahitaji michache. Na msumari uliofuliwa na mhunzi kwa nyundo ni tofauti na ule uliokatwa kwa mashine, aina ambayo ilianza kuenea Marekani mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo rundo la misumari linaweza kukuambia nyumba ilikuwa ya namna gani na ilijengwa karibu na wakati gani.

Sahani nazo zina tarehe yake, hata kama haikuandikwa. Viwanda vya Uingereza vilibadilisha rangi na maua ya vyombo kila miaka michache, kama vile vitenge vinavyobadilika hapa kwetu. Mama mmoja sokoni Kasongo akiona kitenge, anaweza kukuambia kilitoka wakati gani. Mwanaakiolojia anafanya hivyo na kipande cha sahani.

Kwa ushahidi wa namna hiyo, pamoja na ramani ya bima ya mwaka wa 1837, walitambua majengo ya kiwanja cha kusini, karibu kabisa na nyumba kubwa. Hapo waliishi watumwa wa kazi za ndani. Nyumba zao zilikuwa na sakafu ya mbao, dirisha la kioo na bomba la moshi la matofali. Mbali kidogo, waliolima mashamba walikaa katika nyumba za magogo, sakafu ya udongo. Kwa nini tofauti hiyo? Si kwamba bwana aliwapenda zaidi wa karibu. Wageni wakubwa waliokuja kumwamkia rais waliziona nyumba za karibu kutoka barazani, na bwana hakutaka aibu. Leo nyumba za kiwanja cha kusini zimejengwa upya mahali palepale, na tangu 2017 kuna maonyesho yanayoeleza maisha ya waliokaa humo.

Lakini kitu kinachowashika wageni zaidi si nyumba. Ni matofali. Katika baadhi ya matofali ya Montpelier kuna alama za vidole vya watoto. Watoto wa watumwa walikuwa na kazi ya kugeuza matofali mabichi juani ili yakauke, na vidole vyao vikabaki humo. Hatujui majina yao. Lakini mtu anaweza kuweka kidole chake juu ya alama ile akaona ni ndogo kuliko yake, na hapo hahitaji hotuba.

Mmoja aliyezaliwa pale aliweza kuandika. Anaitwa Paul Jennings, alizaliwa Montpelier mwaka wa 1799, akaenda na Madison katika nyumba ya rais angali mtoto wa miaka kumi. Alikuwa kando ya kitanda bwana wake alipokufa. Baadaye aliuzwa kwa dola 200. Kisha mwaka wa 1847 seneta Daniel Webster alilipa dola 120 kumnunua, naye Jennings akamlipa deni hilo kwa kazi yake, dola 8 kila mwezi. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka wa 1865. Mtu mmoja katika mia tatu alipata kalamu. Wengine wote tunawasikia kwa njia ya udongo.

Nani mwenye neno?

Sasa tunafika penye uzito. Tuseme vitu vimepatikana, vimeoshwa, vimeandikwa. Nani ataeleza maana yake? Mwenye nyumba? Mtaalamu? Au wajukuu wa wale waliolala kwenye sakafu ya udongo?

Wazao wa watumwa wa Montpelier wako hai. Wengine bado wanakaa jirani na shamba lile. Miongoni mwa majengo yaliyotengenezwa upya kuna nyumba ndogo ya George Gilmore, aliyekuwa mtumwa pale, akajenga nyumba yake mwenyewe baada ya kupata uhuru, katika miaka ya 1870. Wazao walishiriki kuchimba, wakatoa habari za mababu, wakasaidia kupanga maonyesho. Mwezi wa sita 2021, baraza linaloongoza Montpelier lilikubali kwamba wazao wapate sauti sawa katika uongozi. Dunia ya makumbusho ikapiga makofi.

Makofi hayakudumu. Mwezi wa tatu 2022 baraza lilibadilisha kanuni na kuwanyima wazao haki ya kuchagua wawakilishi wao. Wafanyakazi wakubwa waliopinga, pamoja na mkuu wa idara ya akiolojia, walifukuzwa kazi. Kelele zikawa nyingi: magazeti, wanahistoria, na hata shirika la taifa la kulinda majengo ya kale lililo na shamba hilo. Mwezi wa tano mwaka huohuo baraza lilirudi nyuma, likachagua watu 11 kutoka orodha ya kamati ya wazao.

Ninaeleza hayo ili tusifikiri kwamba kule mambo ni rahisi. Kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukubali kwamba mtoto wa aliyeonewa aseme, na mtoto wa aliyeonea asikilize. Hiyo ni ngumu kuliko kupiga magoti juani.

Na sisi?

Mtu atasema: hayo ni ya Wamarekani. Hapana. Karibu nusu ya Waafrika wote waliopakiwa katika meli za Bahari ya Atlantiki walitoka upande wa Kongo na Angola. Wataalamu waliohesabu safari za meli wanakadiria zaidi ya watu milioni 5 na nusu katika milioni 12 na nusu. Waafrika wa kwanza waliotajwa kufika Virginia, mwezi wa nane 1619, walitoka Angola. Kule South Carolina, katika mito iliyo karibu na mashamba ya mpunga, zimepatikana bakuli za udongo zilizochorwa msalaba kwenye kitako. Mwanaakiolojia Leland Ferguson alizilinganisha na alama ya Wakongo, ile inayoonyesha mzunguko wa uhai na mpaka kati ya walio hai na waliokufa. Wenzake wengine hawakubaliani naye, na mabishano yanaendelea. Lakini hata kubishana juu ya bakuli kusingewezekana kama mtu hangelinyanyua mtoni na kuandika lilitoka wapi.

Sisi wa Maniema, barabara yetu ya utumwa ilielekea upande mwingine, kwenye jua linapotoka. Kutoka Nyangwe na Kasongo, misafara ilibeba pembe za ndovu na watu mpaka Ujiji, halafu mpaka pwani. Wengine walifika kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mpaka leo kuna Wamanyema Ujiji, na Dar es Salaam kuna msikiti wenye jina la Manyema. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe alipoona watu wakipigwa risasi sokoni na wengine kuzama mtoni. Makadirio aliyoandika ni watu 330 mpaka 400 waliokufa. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo.

Lakini upande huo una uso wa pili. Mpunga tunaokula, Uislamu wa jirani zetu, na hata Kiswahili ninachoandika sasa, vilikuja kwa barabara ileile. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wenye mashamba kandokando, chini ya Tippu Tip na baadaye mwanawe Sefu, mpaka askari wa Leopold walipouteka mwaka wa 1893. Mahali pa mji ule wa kale panaitwa Tongoni, yaani mahame. Na wanaakiolojia, Wakongo wakiwa kati yao, wamekwisha kuchimba Tongoni na kukusanya habari kwa wazee. Kazi yao ilichapishwa mwaka wa 2020. Pemba nako, mashamba ya karafuu yamechimbwa. Kwa hiyo si kazi ya ng'ambo peke yake.

Baada ya Waungwana wakaja Wabelgiji na mashamba yao. Mwaka wa 1917 waliweka kilimo cha lazima, na babu zetu wakalima pamba kwa fimbo. Kivu, makampuni na masetla walichukua milima kwa kahawa, chai na kwinini. Wapi walilala wafanyakazi wale? Walikula nini? Walizikwa wapi? Katika ofisi za kampuni zilibaki hesabu za kilo. Mahame ya kambi za wafanyakazi yangeweza kujibu, lakini matofali yake yanabebwa kila mwaka kwenda kujengea vyoo, na sakafu zinavunjwa na watafuta hazina.

Na kuna sababu nyingine ya ukimya, tuiseme wazi. Katika mtaa mmoja wa Kasongo anaweza kukaa mjukuu wa aliyekamatwa na mjukuu wa aliyekamata, na wajukuu hao wameoana. Watu wanaogopa kwamba kufukua ya kale ni kufukua ugomvi. Ninaheshimu hofu hiyo. Lakini kwa miaka hii yote ya vita tumeona kwamba historia ikiachwa bila ushahidi, haibaki kimya. Inachukuliwa na wanasiasa, kila mmoja anaipika anavyotaka, na vijana wanakunywa mchuzi wake. Kipande cha chungu hakina kabila la kutetea. Kinasema tu: hapa palipikwa, hapa watu walikaa, walikuwa wengi hivi.

Tufanye nini kwa sasa

Simwambii mtu ashike mwiko kesho aende kuchimba Tongoni. Hapana, hiyo ingekuwa kuharibu. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inayolinda mali ya utamaduni, na uchimbaji wa namna hii unahitaji ruhusa. Lakini kuna kazi za kujitolea ambazo hazihitaji ruhusa wala dola.

Ukikuta chungu cha zamani, shanga, minyororo au mifupa wakati wa kulima au kujenga, simama. Piga picha kwa simu kabla ya kukitoa, ukionyesha na mahali penyewe. Mwambie mkubwa wa kijiji na ofisi ya utamaduni. Usikiuze kwa mpita njia, sababu siku hiyohiyo kinakuwa bubu.

Walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi kwenye miembe mikubwa iliyopandwa mistari mistari, kwenye mahame ya kambi za pamba, wachore ramani katika daftari zao. Ramani ya mtoto wa miaka kumi na mbili inaweza kuwa ushahidi pekee baada ya miaka thelathini.

Nanyi wenye mzee nyumbani, mwulizeni sasa. Si juu ya vita na wafalme tu. Mwulizeni nyumba ya kambini ilikuwa na vyumba vingapi, chumvi waligawiwa vipi, nani alizikwa nyuma ya ghala. Rekodini kwa simu. Redio yetu iko tayari kupokea sauti hizo na kuzitunza pamoja na jina la kijiji na tarehe.

Yule msikilizaji aliyeuliza kama watu wa Montpelier wana akili, namjibu hivi: wanalipa pesa kutafuta misumari sababu wamechelewa. Waliojua habari wote walikwisha kufa kabla mtu hajawauliza. Sisi bado tunao wazee waliolima pamba ile kwa mikono yao. Ni wachache, na wanapungua kila msimu wa mvua.